Pita Mbele ya Nyumba

Ogal, Kisumu
9 Agosti 2025

Wifi Adero,

Barua yako ilinifikia mkononi mwa makanga wa gari la Bungoma, yule anayeshukisha watu pale Mamboleo. Nayakubali masharti yako: simu ni ya kuuliza bei na kutangaza misiba, mengine yote tuandikiane, maana walimu wawili wa Kiswahili tukiacha barua tutakuwa tumekula mishahara ya bure. Lakini usinisahihishe. Nikiona wino mwekundu nitakoma kuandika.

Umeuliza kama nimezoea. Sitakudanganya. Tangu Januari waliponileta hapa kuwa naibu wa mwalimu mkuu, watu wananiheshimu sana, na heshima hiyo ndiyo inayoniua. Nikipita wanasema, "Habari mwalimu," kisha wananyamaza mpaka nitoweke. Hakuna anayeniuliza nimepika nini. Kule Kimilili nisingefika dukani kwa wingi wa maswali. Sasa shule imefungwa, binti yangu Nabututu yuko chuoni Eldoret, na nyumba niliyopewa ina vyumba vitatu vya mtu mmoja. Najua kwenu ni hapo tu ng'ambo ya kijito. Lakini wewe umeolewa na kaka yetu, kwa hiyo kwa mama yako ni ukweni, na mtu hajipeleki ukweni bila kuitwa. Nangoja niitwe.

Basi nimejiwekea mpango. Daktari ameniambia presha imepanda na nitembee. Mimi nimeamua kukimbia. Nimejiandikisha kwa nusu marathoni itakayokimbiwa mjini Kisumu katikati ya Novemba, kilomita ishirini na moja. Cheka umalize. Maombi ya uhamisho nayo yanafungwa mwisho wa mwezi huohuo. Nimejiambia hivi: siku ya mbio ikifika nami bado ni mgeni hapa, nitaomba kurudi Kimilili.

Viatu nilinunua soko la Kibuye, vya mtumba, rangi ya machungwa, safi kabisa. Nilipofika nyumbani nikagundua cha kushoto ni kikubwa kuliko cha kulia. Nilirudi kulalamika, muuzaji akaniambia hata miguu ya binadamu hailingani. Nikajipima, ni kweli hailingani, ila wangu mkubwa ni wa kulia. Kwa hiyo wa kushoto nauvalisha soksi mbili na wa kulia haupati hata moja.

Naibu wa mwalimu mkuu hawezi kuonwa na wanafunzi wake akihema barabarani ndani ya suruali ya kubana. Kwa hiyo Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nakimbia jua likizama, kwenye kijia cha nyuma ya maboma, kati ya ua mrefu wa michongoma na ziwa. Mgongoni nabeba ile spika ndogo, inaniimbia kwaya yetu ya akina mama uliyonirekodia siku ya kuniaga. Nikiwasikia wote wakiimba polepole kwa Kibukusu, na sauti yako ikiwa nyuma yao kwa nusu mstari, miguu inakubali.

Sasa sikia. Juma lililopita, kwenye boma moja nikasikia mtu anapiga sufuria. Boma la pili wakajibu kwa debe, la tatu wakagonga mabati. Kelele zilianza nilipokaribia na zikanyamaza nilipopita. Nikadhani ni harusi. Alhamisi wakarudia, na leo tena. Wifi, wananishangilia. Watu wasioweza kuniambia zaidi ya "habari mwalimu" barabarani, jioni wanatoa sufuria zao kwa ajili yangu. Nililia huku nikikimbia, jambo ambalo simshauri mtu, maana kamasi na pumzi hutumia njia moja. Na wanaopiga kuliko wote ni nyumbani kwenu.

Wako,
Nakhungu


Ogal
18 Agosti 2025

Nyaminwa Adero,

Mimi ndugu yako Dalmas naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu iliteleza mfukoni nikiziba mtumbwi wa watu. Sasa inaishi ziwani na samaki wa mbuta.

Mama hana amani. Nyawawa, roho wale wa ziwani, wamezidi mwaka huu. Unakumbuka zamani walikuja mara moja moja, jioni upepo ukitoka ziwani na minong'ono yao, tunawapigia sufuria na madebe ili wapite wasituingilie nyumbani na magonjwa, yanaisha. Hawa wa sasa wana ratiba. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Jumapili wanapumzika. Jirani yetu Odongo anasema ni roho za wafanyakazi wa serikali. Wanaimba lugha ambayo si Dholuo wala Kiswahili, tena wanahema. Sijawahi kusikia roho inahema.

Shida yenyewe ni hii. Mama amesikia sauti yako kati yao. Anasema hawezi kuikosea, kwa sababu tangu utotoni unachelewa kwenye wimbo. Ndiyo maana alikupigia kwa simu ya mke wangu Perez akakutaka uimbe, ahakikishe uko hai. Ulipoimba akakata, kwa sababu ni ule wimbo wa hao wa kwenye michongoma. Tangu siku hiyo anapiga debe huku analia.

Uko hai ama? Jibu haraka.

Dalmas Ondiek


Kimilili
21 Agosti 2025

Omera Dalmas,

Mimi ni mzima, nina mafua tu. Sasa kaa chini kabla ya kuendelea kusoma.

Sauti aliyoisikia Mama ni yangu kweli. Inatoka kwenye spika, na spika iko mgongoni mwa Nakhungu, dada wa mume wangu, aliyekuja hapo kwenu kuwa naibu wa mwalimu mkuu. Hakuna roho yoyote. Ni mwalimu mmoja wa makamo anayefanya mazoezi ya nusu marathoni. Ndugu yangu, mnamfukuza mkwe kwa sufuria.

Kwao Bungoma hakuna nyawawa. Hajui. Anaamini mnamshangilia, na ameniandikia kurasa nzima za furaha. Kelele zile ndizo zilizomfanya aanze kujiona mtu wa hapo. Nani atamwambia kwamba maana yake ni "pita, nenda zako, usiingie kwetu"? Si wewe, wala si mimi. Waache wapige.

Nikuambie na langu, kwa kuwa wewe ni ndugu yangu. Akiujua ukweli ataomba uhamisho arudi huku, nami nitafurahi. Tangu aondoke sina mtu wa kucheka naye. Nilipoletwa hapa bibi harusi bila neno moja la Kibukusu, yeye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo kila nikitaka kumwambia, siamini nia yangu. Afadhali ninyamaze.

Mama mwambie polepole. Nawe uichome barua hii kabla Perez hajaisoma.

Dada yako,
Adero


Kimilili
21 Agosti 2025

Wifi Nakhungu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeketi. Kumbe una kiburi cha kukimbia wewe, mtu aliyekuwa akipanda bodaboda kutoka lango la shule hadi ofisini.

Kuhusu sufuria, watu wa kwetu ndivyo walivyo. Kitu kikipita jioni kando ya ziwa hawawezi kukaa kimya. Ila nakuomba jambo moja na ulishike: usiwashukuru. Kwetu, anayepigiwa sufuria namna hiyo hatakiwi kusimama wala kugeuka nyuma. Anatakiwa kupita tu. Hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Huku hakuna jipya. Mwalimu mkuu bado anatamka hotuba zake mbili kwa wakati mmoja. Mume wangu anakusalimu na anauliza kama kuna bima.

Adero


Ogal, Kisumu
13 Septemba 2025

Wifi,

Niliposema nitakimbia sikujua kwamba mwili una sehemu nyingi hivi. Kila wiki inajitokeza moja kulalamika. Wiki ya kwanza ni magoti, ya pili ni mahali fulani chini ya mbavu, na juzi ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ulianguka wenyewe bafuni, bila kelele wala kuaga. Mpango niliousoma mtandaoni unasema siku ya safari ndefu mtu ale tambi mapema. Mimi nilikula ugali kwa omena saa moja kabla. Tumbo lilitangulia, nikalifuata mpaka choo cha kanisa.

Lakini Alhamisi nilivunja rekodi yangu. Nilikuwa kwenye kona ya matete nikasikia kitu kinapumua kuliko mimi. Kiboko. Sikumbuki nilivyotoka pale. Ninachojua ni kwamba nilifika nyumbani mwangaza ukiwa bado upo, na spika ikiwa bado kwenye wimbo wa pili. Kama kuna mtu anayeuza viboko, nitanunua mmoja wa mazoezi.

Ulisema nisiwashukuru, nami nimetii, ingawa inaniuma. Sufuria zimeongezeka. Siku hizi najua kila boma kwa sauti yake: kwa mzee Odongo ni mabati, kwa Mama Seline mwimbishaji ni vifuniko viwili, na kwenu ni debe la mama yako, zito, halichoki. Nikichoka najiambia nifike kwenye debe. Wifi, wakati mwingine nasimama darasani nikiwaza kwamba wazazi wa watoto hawa ndio wanaonipigia jioni, na sauti yangu inakuwa nzuri zaidi. Sijafikiria uhamisho kwa wiki tatu sasa.

Nakhungu


Ogal
20 Septemba 2025

Nyaminwa,

Mama nimemwambia ni redio ya mtu. Amejibu kwamba redio haina miguu, anaendelea kupiga debe. Kwamba ni mkwe sijamwambia. Unamjua Mama na wakwe. Hajamchinjia hata kuku wa kwanza, anangoja mwalimu ajitambulishe rasmi. Akisikia amemfukuza kwa debe tangu Agosti atalala kitandani mpaka Krismasi.

Leo nilichungulia kwenye michongoma nimwone. Anakimbia kama mtu anayetafuta choo, lakini hasimami. Nikamhurumia, nikamheshimu pia. Nikachukua sufuria kubwa ya Perez na mwiko, nikapiga. Wote walidhani nafukuza. Mimi nilikuwa namshangilia. Kwa sikio hakuna tofauti. Nilipiga mpaka sufuria ikabonyea, na Perez ameuliza maswali mengi.

Ile barua sikuichoma. Nilisahau.

Dalmas


Ogal, Kisumu
9 Oktoba 2025

Wifi,

Naandika mbio, makanga anangoja. Nimekimbia kilomita kumi na nane bila kusimama. Mimi, Nakhungu. Kwa ajili hiyo nimeamua kukuasi. Jumapili hii, wakati wa matangazo kanisani, nitasimama niwashukuru watu kwa sufuria zao. Najua mila yenu inasema mtu apite kimya, lakini hata sisi tuna mila, na kwetu mtu akikutendea wema ukanyamaza wewe ndiye mchawi.

Nimeandaa na sentensi mbili za Dholuo. Niombee.

Nakhungu


Ogal
12 Oktoba 2025

Nyaminwa Adero,

Perez amenipa karatasi na kalamu bila kuniangalia usoni. Utaelewa.

Leo kwenye matangazo mwalimu Nakhungu alisimama. Amevaa kitenge kizuri. Akasema kwamba alipofika hapa hakujua mtu, kwamba alikuwa akirudi nyumbani anaongea na kuta, na kwamba tangu Agosti sisi tumemfanya ajione ana kwao. Akasema yeye ndiye anayekimbia nyuma ya maboma jioni, akiwa na kwaya ya kwao kwenye spika, na kila sufuria tuliyompigia ameiweka moyoni. Kisha akasema zile sentensi zake za Dholuo, na zilikuwa sahihi.

Katekista akatafuta kitu kwenye Biblia asikipate. Odongo aliangalia dari. Mama alikuwa kiti cha mbele, akafunika mdomo kwa leso, na mimi nikajua ameelewa yote kwa mara moja. Ndipo watoto wakaanza kucheka, na watu wazima wawili watatu nyuma yao. Mwalimu akacheka pia, akidhani ni Dholuo yake.

Nje, Perez alimfuata. Mimi nilikuwa mbali, sikuwahi. Nilisikia maneno haya tu: "Mwalimu, usikasirike, hizo sufuria haikuwa ya kushangilia. Ilikuwa ya kufukuza nyawawa. Sisi tulidhani wewe ni roho. Hata Adero anajua, aliandikia Dalmas barua."

Mwalimu alimshukuru Perez. Alimshika mkono kabisa. Kisha akaondoka kwa miguu, peke yake, na barabarani watu hawakujua wamsalimu ama wamwombe msamaha, kwa hiyo hawakufanya lolote.

Dalmas


Kimilili
14 Oktoba 2025

Nakhungu wangu,

Nimekupigia simu kutwa nzima hupokei. Una haki.

Nilijua tangu Agosti. Niliisoma barua yako ya kwanza nikaelewa kabla sijaimaliza, na nikanyamaza kwa makusudi. Sitasema nilifanya hivyo kwa ajili yako peke yako. Kila siku naingia chumba cha walimu na wewe humo hamna. Nilijua nikikuambia utarudi, na mimi nilitaka urudi, na kwa sababu hiyo niliona aibu kukuambia. Nilitaka ubaki kwa furaha yako, si urudi kwa furaha yangu. Ndivyo nilivyojieleza. Sasa naona nilikuachia usimame mbele ya kanisa zima ukiwa hujui, na hakuna maelezo yanayofunika hilo.

Watu wa kwetu hawakukufukuza wewe. Hawakujua ni wewe. Na tangu Septemba, kati ya sufuria zote, moja ilikuwa inakushangilia kweli. Ya Dalmas. Alipiga mpaka akaibonyeza. Muulize Perez, bado ana hasira nayo.

Nisamehe. Kama huwezi, niandikie unitukane.

Adero


Ogal
19 Oktoba 2025

Adero,

Sina matusi. Nimechoka tu.

Kinachoniuma si kuchekwa. Nimefundisha kidato cha pili miaka ishirini na miwili, kuchekwa ni kazi yangu. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa na furaha miezi miwili na haikuwa yangu. Nilikuwa nasema "fika kwenye debe", na debe lilikuwa linasema "toka".

Sikimbii tena. Viatu nimevitupa uvunguni. Fomu ya uhamisho nimeijaza, imebaki sahihi ya mwalimu mkuu, naye amesafiri mpaka mwezi ujao. Ulitaka nirudi. Basi ngoja.

Nakhungu


Ogal, Kisumu
2 Novemba 2025

Wifi,

Nilikuwa nimeapa nisikuandikie, ila kuna jambo ambalo nikilinyamazia litanipasua, na hakuna mwingine anayemjua mama yako kama wewe.

Jumanne jioni, saa ambayo ningekuwa njiani, hodi mlangoni. Mama yako. Amekuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya kijito, na kuku hai kwapani, na Dalmas nyuma yake akiona aibu kuingia. Wifi, mimi nimelelewa. Najua mama mkwe haji kwa mtu namna hiyo, hajaalikwa, hajatuma mtu mbele. Nilitaka kukimbia nijifiche chumbani. Yeye alikuwa ameshaketi.

Alikunywa chai yangu yote. Nikadhani atazungumzia sufuria, nikawa natafuta jibu la heshima. Hakuzungumzia. Aliuliza nimepika nini. Nikamwambia sijapika. Akaingia jikoni akaangalia mwenyewe, akarudi akatikisa kichwa, akamtuma Dalmas kwao alete mboga. Wakati huo wote kuku alikuwa anatembea sebuleni kama mwenye nyumba.

Aliposimama kuondoka alinishika mikono yote miwili. Naandika maneno yake kama alivyoyasema, na usithubutu kuyasahihisha: "Mkwe, wewe ulikuwa unapita nyuma ya nyumba yangu kama mtu hana kwao. Mimi nitajuaje ni mtu yangu? Mtu yangu hapiti nyuma. Pita mbele ya nyumba, watu wakuone."

Nililia, wifi. Mama yako alingoja nimalize, kisha akaniambia nimfunge kuku mguu kabla hajavunja vikombe.

Alhamisi nilivitoa viatu uvunguni. Nilivaa suruali yangu ya kubana, nikatoka saa kumi, jua likiwaka, nikapita barabara ya mbele ya maboma, mbele ya wanafunzi na wazazi wao. Sasa nikuambie taabu yangu mpya. Haiwezekani kukimbia. Kwa Odongo lazima nisimame niulize hali ya ng'ombe. Mama Seline anataka nimweleze maana ya ule wimbo wa kwaya, mstari kwa mstari, aufundishe kwake. Perez ananipa uji, na mtu hawezi kukataa uji wa Perez kisha aendelee kuishi hapa. Kilomita tatu zilinichukua muda ule uliokuwa ukinifikisha kumi na tano. Bado wiki mbili na mazoezi yote yameharibika.

Bado nina kinyongo nawe kidogo. Kinapungua nikiandika.

Nakhungu


Ogal, Kisumu
17 Novemba 2025

Wifi Adero,

Nimemaliza. Naandika nikiwa nimelala chali, miguu ukutani, kwa hiyo usishangae mwandiko.

Nilianza vizuri mno, ndilo kosa. Watu elfu kadhaa walitimka nami nikatimka nao, na kabla ya Kibuye nilikuwa nimeishiwa kila kitu. Mzee mmoja mwenye fulana ya chama cha akiba alinipita akitembea. Kuelekea Mamboleo kuna mpando ambao sijawahi kuuona nikiwa ndani ya gari. Naapa waliuweka usiku ule. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea, nikazungumza na Mungu kuhusu mambo mengi ya zamani.

Nyamasaria ndipo nilipowakuta. Walikuwa wamekodi pikapu ya samaki. Mama yako kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara, Dalmas, Perez, Odongo na koti lake la mazishi, Mama Seline na nusu ya kwaya yake. Hawakuwa wanapiga kelele. Nadhani waliona aibu kupiga chochote mbele yangu. Walisimama tu, wamevaa vizuri, wakitazama barabara.

Wifi, mkimbiaji mwenye akili angepunga mkono apite. Lakini mama yako alikuwa pale, ameketi, na mimi nampitaje mama mkwe mbio bila kumpa mkono? Nikasimama. Nikamsalimu kwa mikono miwili, nikamuuliza hali ya mgongo. Nikampa mkono Odongo, nikamuuliza ng'ombe. Nilisalimu mstari wote. Mtu wa usalama alikuja kuniuliza kama naumwa, Perez akamwambia kwa ukali: "Wachana na yeye. Huyu ni wetu, anasalimia watu wake."

Nilisimama nikiwa nimeshika mkono wa mtu, sikumbuki nani, nikayasikia yale maneno. Ndipo nikajua sijali nitafika wa ngapi.

Nilifika nikiwa karibu wa mwisho kabisa, magari yakiwa yameshaachiliwa barabarani. Mama yako alikataa niketi mbele kwenye pikapu na jasho lile, nikarudi Ogal nyuma, katikati ya kwaya, nikinuka samaki. Walikuwa wakiimba ule wimbo wetu kwa Kibukusu chao. Wanachelewa kwa nusu mstari, wote. Ni ukoo.

Fomu ya uhamisho nimeichana. Maombi yanafungwa wiki ijayo na yafungwe. Sirudi, wifi. Naandika hivi nikijua nakuumiza, maana uliniambia ukweli wako na mimi nimeukumbuka kila siku. Kama usingeninyamazia ningekuwa nimerudi Agosti. Sikupongezi kwa kuninyamazia. Nakuambia tu kwamba kinyongo kimeisha.

Krismasi njoo kwenu. Nitakupokea mimi.

Wifi yako,
Nakhungu


Kimilili
5 Januari 2026

Wifi Nakhungu,

Nimerudi salama, na mifuko yako ya omena imenukisha gari zima hadi Bungoma. Abiria hawakuniaga.

Nataka nikuandikie jambo ambalo sikuweza kukuambia pale kwetu, wewe ukiwa jikoni na Mama mkinicheka kwa Dholuo, tena wewe ukijibu. Nilikaa nje nikawasikiliza. Nilihisi wivu, nikahisi na furaha, na sikuona haja ya kuvitenganisha. Ulinishika mkono nilipofika kwenu nikiwa mgeni. Sasa kwetu ni kwako, na mimi ndiye niliyebisha hodi ya mgeni kwenye mlango wa mama yangu.

Leo shule zimefunguliwa. Tumeletewa mwalimu mpya wa Kiswahili, binti mdogo anaitwa Sheryl, ametoka mbali na bado hajui pa kuweka mikono. Alisimama katikati ya chumba cha walimu akitafuta mahali. Kiti chako kile cha dirishani nimekiwekea mkoba wangu mwaka mzima, kila asubuhi, ili asikikalie mtu. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Leo nimeutoa mkoba, nikamwambia akae hapo.

Akakaa, akauliza kama kuna chai. Nikammiminia, nikamuuliza jana alipika nini.

Adero